Upande wa Ukutani

Mtaani walimwita Mama Poda, ingawa hakuwa na mtoto wala hakupenda poda usoni mwake mwenyewe. Jina lilitokana na kazi. Alikuwa mpambaji wa maharusi, wa wahitimu, na wa wanawake wanaokwenda kupiga picha ya pasipoti na hawataki serikali iwaone walivyo. Saluni yake ilikuwa chumba cha mbele katika nyumba ya mama yake, chenye kioo kirefu, viti viwili vya kuzunguka ambavyo kimoja kiligoma kuzunguka siku nyingi, na kabati lililojaa vikopo. Ulimi alikuwa nao. Bibi harusi akilalamika kwamba amepakwa kupita kiasi, alimwambia, "Wewe pakwa tu, mwanangu. Miaka yote iliyobaki atakuona bure." Watu walicheka, na wakarudi na dada zao.

Nyuma ya saluni kulikuwa na jiko na vyumba viwili, kimoja chake na kimoja cha mama yake. Katika chumba cha mama kulikuwa na kitanda kipana cha mbao, kimesukumwa hadi ukutani. Habari ya kitanda hicho lazima itangulie, maana asiyeijua atadhani haya yote ni makelele ya bure juu ya sinema.

Baba yake Mama Poda alikuwa fundi saa. Chumba hicho hicho cha mbele ndicho kilichokuwa karakana yake, na saa za watu zilitundikwa ukuta mzima, kila moja na wakati wake. Siku moja asubuhi, enzi za yule mtawala waliyemwita Mkubwa, gari jeusi lilisimama mlangoni. Wakashuka watu wawili wenye adabu nyingi. Walisema saa ya ukutani ya chumbani kwa Mkubwa imesimama, na Mkubwa hapati usingizi bila kusikia mlio wake. Fundi alivaa shati safi, akachukua mkoba wa vifaa, akamwambia mkewe, "Usiwashe jiko mapema. Nikirudi tutakula pamoja." Mama Poda alikuwa bado mtoto wa shule ya msingi. Alimwona baba yake akihangaika na kifungo cha mkono wa shati, akamsaidia kukifunga. Hiyo ndiyo kazi ya mwisho aliyomfanyia, kwa sababu baba hakurudi.

Mke wa fundi alimtafuta mumewe kwa miguu. Alikwenda kwenye geti la Mkubwa akafukuzwa, akaenda kituo cha polisi, akaenda wizarani, akarudi kituoni. Hakuna aliyemwambia amekufa, hakuna aliyemwambia yu hai. Walimtazama kama mtu aliyeuliza njia ya kwenda mahali pasipokuwapo. Nyuma ya kila meza ilitundikwa picha ya Mkubwa na kidoti chake pembeni ya mdomo, na mwishowe mama yule alizoea kuiangalia picha badala ya karani. Alikuwa akiiuliza moja kwa moja. Makarani walidhani amerukwa na akili, wakawa wanampisha.

Na usiku alilala ukingoni. Mumewe alikuwa mtu wa upande wa ukutani tangu walipooana, basi upande ule ulibaki wake, mto umenyooshwa na shuka limetandikwa. Aliwahi kuanguka akavunjika mkono, na hata akiwa na plasta alirudi pale pale ukingoni. Mkubwa alikuja kufa nchi za watu, hospitalini, juu ya shuka safi. Magereza yakafunguliwa. Wapo waliotoka wakitembea, na wapo waliotolewa mashimoni wakiwa mifupa, lakini fundi saa hakuwa miongoni mwa hawa wala miongoni mwa wale.

Ilimchukua Mama Poda miaka kumshawishi mama yake aseme neno "marehemu". Mwaka juzi alikubali. Ndugu walikusanyika, wakamwombea fundi, wakagawa nguo zake, wakaweka jiwe lenye jina lake kando ya kaburi la wazazi wake, chini pakiwa hapana kitu. Baada ya siku chache Mama Poda alipeleka chai chumbani, akamkuta mama yake amelala katikati ya kitanda, mikono ameitawanya huku na huku kama mtoto. Alisimama pale mlangoni akalia kwa furaha, akaufunga mlango polepole, chai ikapoa. Tangu hapo bibi yule alinenepa kidogo, akaanza kugombana na watangazaji wa redio, akaanza hata kumtania binti yake juu ya kukosa mume. Usingizi huo wa katikati ya kitanda ndio mali pekee ambayo Mama Poda aliilinda kuliko saluni.

Kisha ikaja filamu.

Mwongozaji wake alikuwa kijana mwenye miwani, mpole, aliyesomea mambo hayo nje. Alitaka kumwonyesha Mkubwa nyumbani kwake tu. Bila jeshi, bila magereza, bila hotuba. Mkubwa katika fulana akikata kucha juu ya gazeti, akigombana na mkewe kwa sababu ya chumvi, akimbeba mjukuu mabegani huku magoti yakimuuma. "Dikteta watu wanamjua," alisema. "Mimi nataka wamjue baba mwenye nyumba." Mtaani pakawaka moto. Kinyozi alisema huko ni kuwatemea mate wafu. Muuza soda alisema acha tu, angalau tutajua alikuwa anakula nini wakati sisi hatuli.

Mama Poda alikubali kazi hiyo. Aliyemuuliza alijibiwa kwamba uso ni uso, hata wa shetani una mashavu. Lakini moyoni alikuwa na lake. Alitaka kuiona nyumba ile, hata kama ni ya mbao na rangi, ajue ni mlango gani baba yake aliingia na shati lake safi. Kwa mama yake alisema ni filamu ya familia fulani ya matajiri, na bibi akaridhika.

Mwigizaji alikuwa mcheshi mmoja aliyejulikana nchi nzima kwa tangazo la sabuni. Kila asubuhi Mama Poda alimkalisha kitini akamjengea uso wa mtu mwingine: pua ya mpira, mashavu ya mpira, kipara, gundi pembeni, rangi juu, na mwisho kabisa kile kidoti. Siku ya kwanza mikono ilimtetemeka. Baada ya wiki ilishazoea, na jambo hilo lilimwogopesha kuliko kutetemeka. Palikuwa na kanuni moja pale kazini, ya mwongozaji mwenyewe: uso ukishabandikwa, mwenye uso ni Mkubwa mpaka utakapobanduliwa. Hakuna kumwita jina lake. Akila ni Mkubwa anakula, akienda msalani ni Mkubwa amekwenda msalani, na yeye akisemeshwa lolote ajibu kwa sauti ya Mkubwa, asije akaipoteza. Atakayekosea anawanunulia wote soda. Basi kutwa ilikuwa "Mkubwa, geuka kidogo," "Mkubwa, funga macho," na mtu wa sabuni akijibu kwa sauti nzito iliyotoka tumboni, hata watu wazima wakajikuta wamesimama wima.

Siku moja walipiga picha za chumbani. Ukuta wa mbao ulikuwa na saa, ya ufunguo, yenye mlango wa kioo. Mkubwa katika fulana alisimama mbele yake akaitia ufunguo, taratibu, kwa upendo, kisha akapanda kitandani. Mama Poda alishindwa kujizuia. Alimwendea mwongozaji akamuuliza, "Hii saa haikuwahi kuharibika?"

"Binti yake ameniambia aliitia ufunguo kila usiku hadi alipoondoka nchini," kijana alijibu. "Kwa nini, dada?"

"Nauliza tu."

"Ni kitu kidogo kizuri, eh? Kinamfanya mtu awe mtu."

Angemwambia yupo fundi aliyekwenda kutengeneza kitu hicho kidogo kizuri. Badala yake alitoka nje akaosha brashi ambazo zilikuwa safi tayari.

Juma lile lile maji yalikatika pale kazini, na ikawa siku hiyo hiyo gundi ikamkataa mwigizaji. Shingo ilimvimba, akawa anajikuna kama mtu aliyeingiliwa na upupu. Bila maji na mafuta uso ule haubanduki salama. Nyumbani kwa Mama Poda palikuwa karibu, na saa kama hizo mama yake huwa kwa jirani wakisengenya ulimwengu. Akampakia mgonjwa wake garini akamleta. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Laiti wangekuwapo siku ile.

Kumbe jirani alikuwa amesafiri, na bibi alikuwa chumbani kwake amejinyoosha.

Mama Poda alimkalisha mwigizaji kwenye kigoda jikoni, akajaza beseni, akafungua chupa ya mafuta. Akasema, kwa sauti ile ile aliyoizoea kwa wiki nyingi, "Mkubwa, inamisha kichwa." Ndipo mlango wa chumbani ukafunguka.

Bibi hakupiga kelele. Aliutazama uso ule uliokuwa jikoni kwake, kisha akakirekebisha kitambaa chake kichwani kama mtu anayeingia ofisini. Akasogea, akapiga goti kidogo kama walivyofanya watu wa zamani zile.

"Shikamoo, Mkubwa."

"Marahaba," akajibu mwigizaji. Ulimi ulikuwa umeshazoea, haukungoja ruhusa.

"Mkubwa, mume wangu alikuja kwako kutengeneza saa."

Maji yalikuwa bado yanatiririka kwenye beseni. Mama Poda alisimama ameshika kitambaa kilicholowa. Mwigizaji alimtazama yeye, akamtazama bibi, akaona macho ambayo hakuna mwenye moyo angeweza kuyaambia hapana. Akajibu kwa sauti ya Mkubwa, nzito na ya upole.

"Nenda kapumzike, mama. Atarudi."

Hapo Mama Poda akapata nguvu. "Mama, si yeye! Mtazame, si yeye!" Akaing'oa pua. Akambandua shavu moja, na la pili, haraka kuliko inavyoruhusiwa katika kazi hiyo, na mwigizaji aliguna kwa maumivu lakini hakumzuia. Kipara kikatoka na nywele zilizolowa jasho zikaonekana. Akamfuta kidoti mwisho. Kwenye kigoda akabaki mwanamume wa kawaida mwenye ngozi nyekundu na machozi yaliyoletwa na gundi, au na kingine.

"Nisamehe, mama," alisema kwa sauti yake mwenyewe, nyembamba. "Mimi ni mwigizaji tu. Ni yule wa sabuni."

Bibi alimchunguza kwa muda. "Ya povu jingi?"

"Ndiyo, mama."

"Haina povu lolote ile. Mmetudanganya." Akacheka kidogo, akamgeukia binti yake. "Mpe mgeni chai." Akarudi chumbani. Mama Poda alishusha pumzi, akamshukuru Mungu wake, akaamini yameisha.

Asubuhi alipeleka chai. Mama yake alikuwa amelala ukingoni kabisa, amegeukia mlango, goti moja nje ya kitanda. Nyuma yake upande wa ukutani ulikuwa umetandikwa, na mto umenyooshwa.

Mama Poda aliketi sakafuni, kikombe mkononi. "Mama, si uliona nilivyombandua?"

"Niliona. Mimi si mtoto. Nilijua ni mchezo hata kabla hujamng'oa pua. Mkubwa hakuwa na mikono laini namna ile."

"Sasa mbona umerudi huku?"

"Sura ile niliiuliza kituoni. Niliiuliza wizarani, niliiuliza kwenye ukuta wa posta, nikaiuliza kwenye noti na kwenye stempu. Haikunijibu siku hata moja. Hata 'amekufa' haikusema. Jana, hiyo jana, imenijibu."

"Imekujibu uongo, mama."

"Sawa. Lakini imenijibu."

Tangu hapo mambo yalirudi nyuma. Bibi hakugombana tena na redio, aliizima ili asikie mlango. Alianza kuchelewesha chakula. Jua linazama, njaa inauma, na yeye yuko kwenye kigoda mbele ya jiko baridi, akisema bado mapema. Mama Poda alikasirika, akasihi, akakasirika tena. Alimchukia mwongozaji na miwani yake, akamchukia mtu wa sabuni kwa huruma yake ya kijinga, lakini aliyemchukia zaidi alimwona kila asubuhi kwenye kioo kirefu. Ni nani aliyempeleka Mkubwa jikoni? Nani aliyemwita kwa jina lake? Msiba wa kujitakia hauna kilio, na yeye alilia hivyo hivyo.

Filamu ilipokamilika walialikwa wote kuitazama, mchana, kwenye ukumbi mkubwa wa mjini. Mama Poda akawaza kwamba dawa ya moto ni moto. Mama yake akimwona Mkubwa kwenye kitambaa cheupe, mkubwa kama nyumba, na hapo hapo amwone mtu wa sabuni amekaa kitini na suti yake, ataelewa kwa macho kile ambacho sikio limekataa kuachia. Akamvalisha nguo nzuri. Akampaka hata mafuta kidogo usoni, na bibi akakubali, akijitazama kwenye kioo cha saluni kana kwamba anakwenda kumpokea mtu.

Ukumbi ulijaa. Watu walicheka Mkubwa alipotafuta soksi moja chini ya kitanda huku mkewe ameishika mkononi. Walicheka chumvi. Mjukuu alipomlalia kifuani, mwanamke mmoja nyuma yao alisema kwa huruma, "Maskini, kumbe naye alikuwa mtu kama sisi." Mama Poda alihisi joto likimpanda hadi masikioni. Mikunjo ile ya upole pembeni ya macho ni yeye aliyeichora, mmoja mmoja. Aliifanya kazi yake vizuri, na sasa watu wanaipenda kazi yake. Aliona aibu kubwa, na hakuwa na wa kumwambia.

Kisha ikaja ile ya chumbani. Mkubwa katika fulana alisimama mbele ya saa, akafungua kioo, akaitia ufunguo. Muziki ulinyamaza. Mlio wa saa ukajaa ukumbi mzima, taka, taka, taka, na Mkubwa akafumba macho akalala.

Bibi alimshika binti yake mkono, kwa nguvu ambazo Mama Poda hakujua bado anazo.

"Inakwenda," alisema.

"Mama, hiyo imenunuliwa mnadani. Ni ya filamu."

"Inakwenda, nakwambia. Kazi aliimaliza." Sauti ilipanda. "Si unasikia? Aliimaliza. Na fundi akimaliza kazi hurudi kwake."

"Bibi, tunaomba tusikilize," mtu mmoja alinong'ona kutoka mbele, bila ubaya. Bibi akanyamaza. Filamu iliendelea hadi mwisho naye akiwa ametazama pale pale, hata saa ilipokuwa haionekani tena.

Nje, mwigizaji aliwaacha watu waliotaka kupiga naye picha, akaja na uso wake mwenyewe. Alimshika bibi mikono yote miwili. "Mama, siku ile nilikosea. Sikuwa na haki ya kusema vile. Nimekuja kuomba radhi."

"Hujambo, wa sabuni," bibi alimwambia kwa adabu. Hakumuuliza lolote. Alikwisha kupata alichokuwa akitaka, na hakukipata kwake.

Walifika nyumbani jua bado lipo. Bibi alivua viatu, akasema jiko lisiwashwe kwanza, akaenda kujinyoosha. Alilala ukingoni, ameelekea mlango. Mama Poda alisimama akimtazama mgongo ule mwembamba, na nyuma yake ile nafasi iliyotandikwa, na akaona kwamba hana tena la kusema. Akavua viatu. Akapanda kitandani kwa miguuni, akapita kwa magoti, akajilaza upande wa ukutani, kichwa kwenye mto wa baba yake. Alidhani labda nafasi ikipata mtu, itaacha kungoja. Ukuta ulikuwa baridi. Alipokuwa mdogo aliwahi kulala kitandani hapo akiwa na homa, katikati ya wazazi wake wawili, na baba alimhesabia mapigo ya moyo kwa saa ya mkononi.

Mama yake aligeuka. Alinyoosha mkono akampapasa nywele, akamshika vidole ambavyo bado vilinuka gundi, akavibusu.

"Toka hapo, mwanangu," alisema kwa upole wote aliokuwa nao. "Hapo pana mwenyewe."

Mama Poda akashuka. Akaunyoosha mto, akalivuta shuka likakaa sawa, akaenda kukaa jikoni bila kuwasha jiko.